Mkono wa Dirishani

Nina mikono miwili, nimezaliwa nayo saa ileile,
ila wa kulia umeuzidi wa kushoto kwa miaka ishirini.
Ukinikuta jikoni namenya viazi
utadhani mmoja nimeuazima kwa bibi.

Niliendesha gari la barua miaka thelathini na mmoja,
Kadina hadi Maitland, Maitland hadi Port Victoria,
shayiri upande huu, shayiri upande ule,
na kiyoyozi kilichokufa mwaka wa pili bila kuzikwa.
Huku kwetu Australia usukani uko kulia.
Basi mkono wa kulia ndio nilioulaza dirishani,
nikauanika kama shati
ambalo mwenyewe hakurudi kulianua.
Wa kushoto ulibaki kivulini na gia zake,
mdogo aliyedekezwa.

Doa la kwanza nilidhani ni chai.
Nikalisugua kwa sabuni.
Rangi yake chai hasa, ya maziwa kidogo.
Kisha likaita wenziwe.

Marehemu Denzil, mume wangu, alisema ni ini.
Mama yake alisema hivyo, na bibi yake pia,
yule aliyekuja na wachimba shaba kutoka Cornwall.
Nikaacha glasi yangu ya divai ya Jumamosi
miaka minne mizima.
Ini likapumzika. Madoa, thubutu!
Mama mkwe akaleta dawa yake: limau.
Nikapaka, nikatoka juani kugawa barua,
jioni mkono umeota malengelenge.
Sikumwambia. Nilivaa mikono mirefu kwake
hadi Pasaka.

Daktari Wijeratne, kule Adelaide,
ana kioo chenye taa, anakishusha juu ya ngozi
kama mtu anayesoma muhuri uliofutika.
"Ini halimo," akasema. "Ni jua.
Ngozi ikiungua hujishonea mwavuli wa rangi.
Iunguze kila siku, mwaka baada ya mwaka,
mafundi wake wanapotewa na kipimo,
wanarundika rangi mahali pamoja,
hawajui tena kuacha."
Nikajitetea: siku za vumbi nilipandisha kioo.
"Kioo huzuia sehemu kubwa ya miale inayobabua.
Inayozeesha hupita."

Kumbe jua lilikuwa na daftari, kama muuza duka.
Nilidhani nachukua bure.

Akanitajia bei, kama mimi nilivyotaja za stempu:
krimu za usiku, za miezi, za subira;
leza, ambayo ni pensheni yangu ya wiki sita;
au nitrojeni, baridi inayochoma.
Nikampa doa moja alijaribie, la karibu na kidole gumba.
Likafoka, likawa jeusi, siku ya kumi likabanduka
kama stempu kwenye bahasha iliyolowa.
Chini yake peupe, peupe kunizidi mimi mwenyewe.
Sasa nina doa la kukosa doa.

Halafu akafika penye kifundo, akakaa.
Kile kioo hakikusogea.
"Mengine haya ni ya urembo tu," akasema.
"Hili kingo zake hazipatani."
Akakata kipande, akashona nyuzi tatu.
Majibu wiki mbili, kwa barua.

Miaka thelathini na mmoja nimewapelekea watu
bahasha za hospitali, zile zenye dirisha dogo,
nikapiga honi, nikaondoka.
Sikuwahi kujua mtu anasimamaje mbele ya sanduku lake.
Sasa najua. Anasimama kwa mguu mmoja, kama korongo,
na anamchukia tarishi.

Halikuwa saratani.
Niliisoma mara tatu palepale langoni,
saa sita ya Januari,
kichwa wazi, bila hata kofia.

Siku hizi naendesha na glavu moja.
Dukani wananiuliza ya pili iko wapi.
Asubuhi napaka mafuta ya kukinga jua,
usiku krimu, tone kama punje ya shayiri,
na kwa kuwa mkono haujipaki wenyewe
ni wa kushoto unaoifanya kazi hiyo,
polepole, doa kwa doa,
nao haukuwahi kukaa dirishani.